Jiliwa Halisimami Peke Yake

Anayenunua jiliwa, au vaisi kama linavyoitwa kwenye gereji nyingi, hulichagua kwa makini. Huzungusha mpini, huchungulia kama mataya yanakutana sawasawa, hulinyanyua kupima uzito, hubishana bei. Akifika nalo karakanani hulifunga kwenye chochote kilichopo: meza ya zamani ya kulia chakula, ubao uliopigiliwa ukutani, kaunta ya duka lililofungwa. Meza haikuulizwa swali hata moja. Baada ya miezi michache malalamiko huanza. Tupa inatetemeka na kulia. Chuma kilichotakiwa kuwa bapa kimetoka na mgongo. Kiuno kinauma kabla ya saa sita mchana. Lawama zote huangukia jiliwa, eti ni feki, na fundi huanza kuweka akiba ya kununua jingine.

Ninavyoliona mimi suala hili, meza ni sehemu ya chombo. Kiwanda hutengeneza nusu tu ya jiliwa, fuawe au mashine ya kukereza. Nusu ya pili huachiwa mwenye karakana, kwa kuwa kiwanda hakiwezi kujua kimo chake, sakafu yake, wala kazi atakayoifanya. Nusu hiyo ya pili haihitaji fedha za kigeni wala fundi kutoka mbali, na ndiyo inayopuuzwa kuliko kitu kingine chochote katika ufundi wa vyuma hapa kwetu.

Tuanze na kimo. Kanuni ya zamani katika karakana za vyuma ni kwamba fundi asimame wima, mkono wake wa juu uning'inie ubavuni, akunje kiwiko. Hapo kiwiko kilipo ndipo yawe mataya ya jiliwa, upande wa juu. Kipo pia kipimo cha haraka: weka kiwiko juu ya mataya, nyoosha vidole kuelekea juu, vikigusa kidevu kimo kinafaa. Njia hizi mbili hutoa majibu yanayokaribiana. Wengi hukosea kwa kupima meza badala ya mataya. Jiliwa la inchi nne lina kimo cha sentimita 15 hadi 18, kwa hiyo anayepima meza ifike kiwikoni hujikuta anapiga tupa karibu na kifua.

Mwaka 1966 Rudolfs Drillis na Renato Contini wa Chuo Kikuu cha New York walitoa vipimo vya mwili wa binadamu ambavyo wahandisi wanavitumia hadi leo, na humo kiwiko cha mtu aliyesimama kimewekwa kwenye asilimia 63 ya urefu wake. Mtu mwenye urefu wa sentimita 170 kiwiko chake kiko kwenye 107. Wa 155 kiko kwenye 98, na wa 185 kinakaribia 117. Jiliwa likiwa na kimo cha sentimita 17, meza ya wa kwanza inapaswa kuwa 90, ya wa pili 81, ya wa tatu karibu 100. Kati ya mfupi na mrefu pana tofauti ya karibu sentimita 20, na wote wawili unaweza kuwakuta kwenye karakana moja, mbele ya jiliwa moja. Viatu vya kazi vyenye soli nene navyo huongeza sentimita mbili au tatu, kwa hiyo mtu apimwe akiwa amevivaa.

Kwa nini kiwiko? Jibu limo katika mwendo wa tupa. Kupiga tupa huonekana ni kazi ya mikono, lakini kwa fundi aliyeiva nguvu hutoka miguuni, hupita kiunoni, ikafika kwenye mpini kupitia kigasha kilichonyooka. Msukumo unapoanza, mkono wa kushoto ulioshika ncha ndio unaokandamiza zaidi. Tupa ikifika katikati, mikono yote miwili hukandamiza sawa. Msukumo unapoisha, mzigo umeshahamia mkono wa kulia. Mabadiliko hayo hufanyika mara 40 hadi 60 kwa dakika, na bila hayo tupa hupanda na kushuka mithili ya pembea, ikila kingo na kuacha katikati. Ndipo chuma kinapotoka na mgongo. Sasa, mataya yakiwa juu mno, bega la kulia hupanda, kiwiko hutoka nje, na fundi hubaki anasukuma kwa mikono mitupu, uzito wa mwili haumsaidii. Yakiwa chini mno, huinama akaiegemea tupa kutoka juu. Nguvu nyingi huishia kukandamiza badala ya kusukuma, na mgongo ndio unaobeba gharama. Hali zote mbili hutoa kazi mbovu, na fundi wa kawaida hudhani mkono wake ndio usiojua.

Hapo lakini pana mgongano wa kitaalamu ambao haufai kufichwa. Etienne Grandjean, mwanafiziolojia wa Zürich ambaye kitabu chake cha 1963 kuhusu kupatanisha kazi na mwili wa mtu kilienea duniani, hakuridhika na kimo kimoja. Kwa anayefanya kazi amesimama alipendekeza kazi za umakini mkubwa ziwe sentimita 5 hadi 10 juu ya kiwiko, kazi nyepesi za mikono ziwe 10 hadi 15 chini yake, na kazi nzito zinazohitaji uzito wa mwili zishuke 15 hadi 40. Jiliwa moja hufanya kazi zote hizo. Asubuhi fundi analainisha ufunguo mdogo akiukaribia kwa macho, mchana anakata chuma cha pembe kwa msumeno, jioni anapasua nati iliyoshika kutu kwa tindo na nyundo. Ukimfuata Grandjean herufi kwa herufi unahitaji meza tatu.

Nadhani jibu ni kugawa kazi. Kimo cha jiliwa la mezani kifuate tupa na msumeno, kwa sababu hizo ndizo zinazokula saa nyingi. Kazi ndogo ya umakini inyanyuliwe kwa kubana kijiliwa kidogo ndani ya lile kubwa. Nazo kazi za nyundo nzito ziondolewe kabisa kwenye jiliwa la mezani. Majiliwa mengi ya madukani yametengenezwa kwa chuma cha kusubu, ambacho huvumilia kubana lakini hukatika kwa kishindo. Wahunzi walikuwa na dawa yake tangu zamani: jiliwa la mguu, ambalo mguu wake mrefu hushuka hadi sakafuni, ukakalia jiwe au bamba la chuma, na pigo la nyundo likaishia ardhini bila kupita kwenye meza. Mahali ambapo jiliwa la aina hiyo halipatikani, kipande cha reli kilichofungwa chini kinatosha kupokea nyundo.

Suala la nyundo na tindo liliwahi kuchunguzwa kwa undani usio wa kawaida huko Moscow. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Aleksei Gastev, mshairi aliyewahi kuwa fundi wa vyuma, alianzisha Taasisi Kuu ya Kazi. Miongoni mwa kazi alizozichagua za kuchunguza na kufundishia zilikuwamo hizi mbili za mbele ya jiliwa: kukata kwa tindo na kupiga tupa. Gastev aliamini kuwa lipo pigo moja sahihi, na kwamba kila mfanyakazi angeweza kulirudia bila kubadilika. Mwaka 1922 alijiunga naye daktari kijana, Nikolai Bernstein, aliyefunga vitaa vidogo kwenye viungo vya mkono wa fundi na kwenye nyundo, kisha akapiga picha za mwendo wake. Aliyoyaona hayakumpendeza aliyetafuta pigo moja. Hata kwa fundi mzoefu, bega, kiwiko na kifundo cha mkono havikurudia njia ile ile, lakini kichwa cha nyundo kilifika palepale. Mwili ulikuwa ukijirekebisha wenyewe kila pigo ili kufidia tofauti zake.

Ugunduzi huo mimi nauona una maana kubwa kwa mwenye meza. Ikiwa mwili ndio unaojirekebisha, basi unahitaji kitu kimoja kisichobadilika cha kujirekebisha nacho. Chuma kilichobanwa kwenye meza inayoyumba huhamisha shabaha ya tindo kila pigo, na ustadi wa fundi unatumika kuikimbiza meza. Wanafunzi wanaojifunza kwenye meza za namna hiyo hupata mazoea ya kulenga kitu kinachohama, na mazoea hayo ni magumu kuyafuta baadaye.

Nikitaja wanafunzi, ninagusa jambo linaloniuma. Ingia karakana nyingi za mafunzo utaona meza ndefu zilizofungwa majiliwa kwa mfululizo, yote kwa kimo kimoja. Kimo hicho kilichaguliwa kwa kumfikiria kijana wa kiume wa urefu wa wastani. Wasichana wanaojiunga na fani ya vyuma wanaongezeka, na wengi wao hujikuta mbele ya jiliwa lililozidi kiwiko chao kwa sentimita saba hadi kumi. Mwalimu huona tupa inapanda na kushuka, akahitimisha kuwa binti hana nguvu. Kumbe hana sakafu. Kichaga cha mbao cha kusimamia, chenye kimo cha sentimita tano kwa mmoja na kumi kwa mwingine, kinamaliza tatizo hilo kwa mbao za kreti na misumari, na hakiigusi meza. Kiwe kipana kiasi cha kuruhusu mguu wa kushoto utangulie na wa kulia ubaki nyuma, maana kichaga chembamba humfanya mtu asimame miguu pamoja na kupoteza msukumo wote. Kwa mwanafunzi mrefu, kipande kinene cha mninga kikiwekwa kati ya jiliwa na meza kinatosha. Ningefurahi kuona vichaga hivyo vikiwa zoezi la kwanza kabisa la kila darasa jipya: kila mtu ajipime kiwiko, akokotoe, ajitengenezee kimo chake kabla hajashika tupa.

Wapo watakaosema kuwa haya yote ni mambo ya karakana za kizungu, kwa sababu mafundi wetu wamefanya kazi chini miaka na miaka na vitu vyao vinauzwa. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima. Nenda Kamukunji, Nairobi, kwenye mafundi wa jua kali waliompokea Rais Moi mwaka 1985 na kuahidiwa mabanda. Fundi amekaa kwenye kigoda kifupi, kipande cha reli au bomba nene kimechimbiwa ardhini mbele ya magoti yake, na bati linageuka sanduku la mwanafunzi, toroli au ganda la jiko kwa mapigo madogo ya haraka. Wahunzi wengi wa zamani wa Afrika Mashariki nao walifua wakiwa wamekaa, mbele ya jiwe gumu. Hakuna kosa hapo. Bati jembamba linataka nyundo nyepesi, macho yawe karibu, na mkono wa pili uzungushe kazi muda wote. Mwili wote hauhitajiki. Aliyekaa anatulia kuliko aliyesimama, na magoti yake ni mikono mingine miwili. Kile kigoda na ile reli tayari vimerekebishwa kulingana na kazi kwa uzoefu wa watu wengi, ingawa hakuna aliyeandika vipimo.

Taabu huanza pale kazi inapobadilika na mahali pasibadilike. Fundi yule yule akipata oda ya kukata na kusawazisha vyuma vya unene wa milimita kumi, huendelea kukaa chini, akikibana chuma kwa unyayo. Msumeno unataka msukumo wa mlalo wenye uzito wa mwili nyuma yake, nao mtu aliyechuchumaa hana. Kwa hiyo anakata kwa mikono peke yake, anachoka haraka, na unyayo wake uko njiani. Vivyo hivyo kwa wachomeleaji wa mageti wanaopanga vyuma kwenye udongo au sakafu ya zege iliyobomoka, kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Katwe kule Kampala. Geti la mita tatu likiungwa juu ya mahali penye kilima na bonde, hukilalia kilima hicho na kukibeba ndani ya umbo lake. Likisimamishwa, kona moja inaning'inia, na fundi hulazimika kulipiga na kulivuta hadi lifunge. Farasi wawili wa chuma, au reli mbili zilizolazwa na kusawazishwa kwa uzi na pimamaji, zingemwondolea kazi hiyo yote.

Kwa anayefua chuma cha moto akiwa amesimama, kipimo ni kingine: uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya ngumi, mkono ukiwa umening'inia. Ni kimo cha chini sana kuliko cha jiliwa, kwa sababu nyundo hushuka wima na mkono unatakiwa karibu kunyooka inapogusa chuma. Hapa kuna ushahidi ambao hauhitaji tepu wala kitabu. Tazama alama ambazo nyundo imeacha kwenye chuma kilichopoa. Zikiwa duara kamili, fuawe iko sawa. Zikiwa nusu mwezi uliozama upande ulio karibu na fundi, fuawe iko juu mno, mkono uko chini ya kichwa cha nyundo na ukingo wa karibu ndio unaotangulia. Nusu mwezi ikiwa upande wa mbali, fuawe iko chini mno. Gogo la mti linaweza kupunguzwa kwa msumeno au kuongezwa ubao, mara moja, kisha nusu miezi hutoweka. Na kwa wanaotumia reli badala ya fuawe: ikisimamishwa wima na kufungwa imara, pigo huangukia chuma kingi kilicho chini yake moja kwa moja, ikilazwa, nguvu hupotea kwenye ule ukuta wake mwembamba wa kati.

Kimo kikipatikana, bado nusu ya kazi. Nimeona meza za kimo sahihi kabisa zisizofaa kitu kwa sababu zinacheza. Msukumo wa tupa huenda mbele, kutoka kwa fundi kuelekea ukutani, lakini mafundi wengi wanapotengeneza meza huweka vyuma vya mshazari kwenye urefu wake tu, pale vinapoonekana. Meza hiyo haiyumbi kushoto na kulia, ila inayumba mbele na nyuma, yaani kule kule kunakosukumwa. Mshazari wenye maana ni ule unaounganisha mguu wa mbele na wa nyuma kila upande. Miguu ya chuma cha pembe cha milimita 50 kwa 50, chenye unene wa milimita tano, inatosha meza ya jiliwa moja. Uso wake uwe wa mbao ngumu zenye unene wa sentimita tano. Asiyepata mninga wala mvule anaweza kugundisha plaiwudi mbili za milimita 18 na kuzibana vizuri. Bamba tupu la chuma la milimita tatu, ambalo wengi hulipenda kwa kuwa linang'aa, hulia kama ngoma na kuirudisha mitetemo kwenye tupa. Likitumika, liwe juu ya mbao.

Mahali pa kulifunga jiliwa pana siri ambayo muuzaji haisemi. Kwenye majiliwa ya kawaida taya la nyuma ndilo lisilotembea. Uso wa taya hilo unapaswa kupita ukingo wa meza kwa milimita chache kuelekea kwa fundi. Jaribio lake ni rahisi: bana bomba refu wima, lishuke kuelekea sakafuni. Likigusa ukingo wa meza kabla halijakaa sawa ndani ya mataya, jiliwa limerudishwa ndani mno. Atakayekubali kosa hilo atakuwa anabana vitu virefu kwa mshazari maisha yake yote. Liwekwe pia juu ya mguu wa meza au jirani kabisa na mguu, kamwe lisiwe katikati ambapo ubao hunesa. Kona yaweza kuwa ya kushoto ya meza au ya kulia kulingana na nafasi ya karakana, lakini pande zote mbili za jiliwa ziachwe wazi, maana chuma cha mita sita hakitajipinda kukwepa ukuta.

Bolti zipite meza nzima hadi chini. Skrubu za mbao zing'oke leo au kesho, zitang'oka tu. Bolti za milimita 12 zinafaa jiliwa la inchi nne, na chini ya ubao liwekwe bamba la chuma la milimita sita linaloshika bolti zote kwa pamoja, ili nati zisizame kwenye mbao moja moja. Kisha kuna jambo la hali ya hewa. Mbao iliyokatwa na kutumika kabla haijakauka vizuri husinyaa kwa unene, na bolti iliyokazwa kwa nguvu mwezi wa Aprili hulegea kiangazi bila kuguswa na mtu. Mombasa na Tanga, kwenye unyevu wa bahari, mabadiliko ni ya polepole. Dodoma, mbao mbichi hupungua kwa kasi. Spana ipitishwe kwenye nati hizo kila baada ya miezi michache katika mwaka wa kwanza. Kulegea kwa nusu mzunguko hakuonekani kwa macho, lakini tupa hukuambia mara moja kwa kubadili mlio.

Jiwe la kunolea la mezani sitalikalia sana. Kiegemeo chake cha mkono kinatakiwa kiwe kwenye usawa wa kiwiko au chini kidogo, na pengo kati ya kiegemeo na jiwe lisizidi milimita tatu, kiwango kile kile kinachodaiwa na sheria za usalama kazini za Marekani, ili kitu kinachonolewa kisinyakuliwe na kukwama. Mashine isiyofungwa kwenye meza, au iliyofungwa kwenye meza inayotetemeka, hufanya kiegemeo kilegee na pengo lipanuke taratibu pasipo mtu kuligusa. Mwenye mashine hiyo anacheza na vidole vyake.

Mashine ndogo ya kukereza ndiyo inayofunua zaidi ya zote jinsi meza inavyoingia ndani ya kazi. Kitanda chake cha chuma cha kusubu huonekana kigumu kiasi cha kutojali kilichowekwa juu yake. Sivyo. Bolti zikikazwa juu ya meza iliyopinda, kitanda hujipinda kuifuata meza, kwa sehemu ndogo za milimita, na sehemu hizo ndogo zinatosha kufanya chuma cha duara kitoke kinene upande mmoja. Pimamaji ya mwashi haiwezi kuliona hilo. Pimamaji za mafundi wa mashine huonyesha tofauti ya milimita 0.02 kwa mita, na bei yake ni ya kutisha. Ipo njia ya bure. Bana kipande cha chuma cha duara kwenye chaki kikitokeza sentimita 12 hivi, bila kukishikilia kwa mbele. Kichonge katikati kiwe chembamba, ubaki na mikanda miwili mipana, mmoja karibu na chaki na mwingine kwenye ncha. Pitisha kisu mara moja kwa kina kidogo sana kwenye mikanda yote miwili bila kubadili chochote, kisha pima kwa maikromita. Ikilingana, kitanda hakijapinda. Mkanda wa ncha ukiwa mnene zaidi, kisu kimejitenga na kazi kule mwisho: legeza bolti ya mguu wa mbele upande wa mbali na chaki, ingiza chini yake kipande cha kopo la soda, kaza, rudia. Kopo hilo lina unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita, na mara nyingi kipande kimoja au viwili hutosha. Mkanda wa ncha ukiwa mwembamba, kipande kiende chini ya mguu wa nyuma. Nimewahi kutazama mashine iliyokuwa imekataliwa na wawili kwa kuwa haikerezi sawa ikirudi kwenye usawa kwa kopo moja lililookotwa nje ya kibanda.

Kwa nini basi, ikiwa gharama ni ndogo hivi, meza mbovu zimejaa? Sababu ya kwanza ni kwamba meza haihesabiwi kuwa kifaa. Mikopo ya wajasiriamali na misaada ya vikundi huorodhesha mashine kwa namba na bei. Sijaona orodha iliyotenga fungu la meza, miguu yake na bolti zake. Mashirika ya kuendeleza viwanda vidogo kama SIDO, lililoundwa Tanzania mwaka 1973, na vyuo vya ufundi vilivyo chini ya VETA vina uwezo wa kulibadilisha hili kwa karatasi moja: kila mashine inayotolewa iambatane na mchoro wa meza yake na kipimo cha kiwiko cha atakayeitumia.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ardhi. Mafundi wengi wa mijini wako kwenye hifadhi ya barabara au kibanda cha kupanga cha mwezi kwa mwezi. Leo fundi yuko hapa, kesho tingatinga limepita. Hatachimbia miguu ya meza kwenye zege mahali asipopamiliki, na meza nzito ya kudumu kwake ni mzigo wa kukimbia nao. Huyu anahitaji meza iliyo nzito anapofanya kazi na nyepesi anapohama. Inawezekana: miguu na mishazari viunganishwe kwa bolti badala ya kuchomelewa, ili vifunguke kwa spana mbili, na chini, kama shubiri moja kutoka sakafuni, pawekwe rafu imara yenye kingo. Juu ya rafu hiyo viwekwe viroba vinne vya mchanga. Kiroba kimoja cha kilo 25 kikizidishwa mara nne ni kilo 100 zinazokaa chini kabisa, zikiizuia meza isicheze wala kusogea, na siku ya kuhama mchanga unamwagwa, viroba vinakunjwa, jiliwa linafunguliwa bolti zake, na meza yote inaingia kwenye mkokoteni mmoja.